Yule Muoga Pembeni ya Steringi: Kisa cha John Cazale na Filamu Yake ya Mwisho

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanaijua kanuni moja kuliko zote: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini mkanda ukifika mwisho yuko hai, shati limechanika kidogo tu. Adui mkuu naye hutambulika mapema. Waliobaki hatukuwa na haja ya kuwajua majina. Tuliwaita yule mwenye kipara, yule mcheshi, yule muoga. Mtu akichelewa kuingia akauliza "steringi ni nani?" alionyeshwa kwa kidole. Sikumbuki hata siku moja mtu kuuliza yule muoga ni nani.

Yule muoga, katika filamu tano za Marekani zilizotoka kati ya 1972 na 1978, alikuwa John Cazale. Zote tano ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya mwaka, na tatu kati yake zilishinda. Hakuigiza filamu ndefu nyingine mbali na hizo. Yeye mwenyewe hakuteuliwa hata mara moja.

Lakini si tuzo ninazotaka kuzichambua hapa. Nataka kuchambua jambo lililotokea mwaka 1977, filamu ya tano ilipokaribia kuanza. Watu wenye majina, na wengine waliokuwa ndiyo kwanza wanayatafuta, waliweka kazi zao rehani ili mtu mwenye nafasi ndogo, tena mtu anayekufa, asitolewe kwenye filamu. Nafasi yenyewe ingeweza kupewa mwigizaji mwingine kesho yake asubuhi. New York haijawahi kupungukiwa na waigizaji wasio na kazi. Kwa nini basi waligoma?

Mgonjwa asiyekatiwa bima

Filamu yenyewe ni The Deer Hunter. Muongozaji alikuwa Michael Cimino, steringi Robert De Niro, na fedha zilitoka EMI, kampuni ya Uingereza. Ni hadithi ya vijana wa kiwanda cha chuma huko Clairton, Pennsylvania: wanafanya kazi pamoja, wanakunywa pamoja, wanakwenda kuwinda paa pamoja, kisha watatu wao wanapelekwa vitani Vietnam. Cazale alipewa nafasi ya Stan, mmoja wa wanaobaki nyumbani.

Majira ya kuchipua ya mwaka huo alikuwa jukwaani New York katika tamthilia ya Kigiriki, Agamemnon. Alicheza onyesho moja la majaribio mbele ya watazamaji, akajitoa. Madaktari walimkuta na saratani ya mapafu, na ilikuwa imeshafika mbali. Alikuwa na miaka 41, na alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Upigaji picha wa The Deer Hunter ulitakiwa kuanza mwezi Juni.

Msomaji ambaye hajawahi kukaa upande wa wenye fedha atauliza bima inaingiaje. Filamu haishutiwi kwa kufuata mfululizo wa hadithi. Leo mnashuti harusi, kesho mazishi, wiki ijayo mnarudi siku ya kabla ya harusi kwa sababu ukumbi umepatikana. Mwigizaji akifariki katikati, vipande alivyokwisha kucheza vinakufa pamoja naye, maana nusu nyingine haipo na haitakuwapo. Wenzake waitwe tena, mahali pakodiwe tena, mavazi yashonwe tena kwa mwili wa mtu mwingine. Ndiyo sababu kampuni hukatia bima waigizaji wake, na daktari wa bima huwapima kwanza. Mtu mwenye saratani kama ile hana kampuni ya bima itakayempokea kwa bei ya kawaida.

Kwa hiyo kampuni ilitaka aondolewe. Cimino amesimulia kwamba aliambiwa kazi nzima ingesimamishwa iwapo hatamtoa Cazale, na kwamba alitumia saa nyingi kwenye simu akibishana na kupiga kelele. Ni rahisi kuitukana kampuni tukiwa huku. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyekuwa London na daftari la hesabu mbele yake alikuwa akitazama mamilioni ya dola yakiegemea mapafu ya mtu mmoja. Kwa daftari lile hakukosea.

Waliokataa walikuwa watatu. Wa kwanza ni Cimino mwenyewe. Wa pili ni Meryl Streep, wakati huo mwigizaji wa jukwaani mwenye miaka 27 hivi, ambaye hakuna mtazamaji wa sinema aliyemjua. Alikuwa mchumba wa Cazale; walikutana kiangazi cha 1976 wakicheza Measure for Measure ya Shakespeare kwenye jukwaa la wazi la Central Park, yeye Isabella, Cazale Angelo. Streep alisema Cazale akitoka, na yeye anatoka. Tupime uzito wa neno hilo: nafasi ya Linda ndiyo ilikuwa nafasi yake kubwa ya kwanza ya sinema. Aliyekuwa na sababu zote za kunyamaza hakunyamaza.

Wa tatu ni De Niro. Streep amesimulia kwamba De Niro ndiye aliyelipia ile bima. De Niro, alipozungumza miaka mingi baadaye katika filamu fupi ya kumkumbuka Cazale iliyotengenezwa na Richard Shepard na kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance mwaka 2009, alisema tu kwamba John alikuwa mgonjwa kuliko walivyodhani, lakini yeye alitaka awemo. Maneno machache, kama kawaida yake.

Suluhisho la kazi lilipatikana kwenye ratiba. Cimino alizipanga upya siku za kushuti ili sehemu zote za Cazale zichukuliwe kwanza, kwa ridhaa ya Cazale na Streep. Hili liliwezekana kwa sababu ya umbo la hadithi yenyewe, na wengi wanaosimulia kisa hiki hulipita haraka. Stan haendi vitani. Sehemu za Vietnam zilishutiwa Thailand, na huko hakuhitajika. Kazi yake yote ilikuwa Marekani: harusini, baa, milimani, mezani. Angekuwa mmoja wa wale watatu wa vitani, sidhani kama hasira ya Cimino wala kiapo cha Streep vingefua dafu.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Lakini urafiki na mapenzi havitoshi kueleza kwa nini muongozaji mwenye filamu moja tu nyuma yake agombane na wenye fedha zake. Ili tuelewe, inabidi turudi nyuma tumtazame mtu huyu alikuwa anafanya nini hasa mbele ya kamera.

Tarishi wa Standard Oil

John Cazale alizaliwa tarehe 12 Agosti 1935 huko Revere, Massachusetts, mji wa pwani jirani na Boston. Baba alikuwa na asili ya Italia na mfanyabiashara wa makaa ya mawe; mama alikuwa na asili ya Ireland. Alianza chuo Oberlin, akahamia Boston University alikosomea uigizaji chini ya Peter Kass. Baadaye aliendesha teksi, akacheza kwenye jukwaa la Charles Playhouse mjini Boston, kisha akahamia New York, mahali ambapo mwigizaji asiye na jina hufanya kazi yoyote anayoipata. Yeye alipata utarishi katika kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Tarishi mwenzake mmoja aliitwa Al Pacino.

Walikuja kukutana tena kwenye tamthilia ya Israel Horovitz, The Indian Wants the Bronx, iliyochezwa New York mwaka 1968. Pacino alikuwa kijana mhuni wa mtaani. Cazale alikuwa Gupta, Mhindi aliyepotea akisubiri basi, asiyejua Kiingereza, akisumbuliwa na wahuni wawili. Yaani Cazale alikuwa jukwaani karibu muda wote na watazamaji hawakuelewa neno lake hata moja. Wote wawili walitoka na tuzo za Obie, tuzo za majukwaa madogo ya New York. Miaka mitatu baadaye alicheza kwenye tamthilia nyingine ya Horovitz, Line. Aliyekuja kuitazama Line alikuwa Fred Roos, ambaye wakati ule alikuwa akimsaidia muongozaji Francis Ford Coppola kutafuta waigizaji wa The Godfather. Coppola alikuwa hajampata wa kumcheza Fredo.

Naomba msomaji aishike nafasi ya Gupta akilini. Mtu anayejifunza kazi yake kwa kucheza mtu asiyeeleweka anachosema hujifunza jambo moja haraka: kwamba mtazamaji anasoma macho, mabega na mikono kabla hajasikia maneno. Pia hujifunza kusikiliza. Jukwaani tumezoea watu wanaosubiri zamu yao ya kusema. Midomo imefungwa lakini unaona kabisa wanahesabu mistari. Cazale hakuwa hivyo. Pacino amesema hadharani kwamba kuhusu uigizaji alijifunza kwa John kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na kwamba alitamani afanye naye kazi maisha yake yote. Alichojifunza, kwa maelezo yake, ni kuuliza maswali bila kulazimika kuyajibu.

Kaka aliyerukwa

Katika The Godfather ya 1972, Fredo ni mtoto wa kiume wa kati wa Vito Corleone, bosi wa genge la Mafia. Sonny, mkubwa, anauawa katika filamu hiyo hiyo; Michael, aliyechezwa na Pacino, ni mdogo. Nafasi yenyewe kwenye filamu ya kwanza ni ndogo sana. Anaonekana harusini amelewa. Anaonekana siku baba yake anapopigwa risasi akinunua machungwa: Fredo anatoka ndani ya gari, bastola inamchezea mikononi kama samaki aliye hai, inamponyoka, wauaji wanakimbia, naye anakaa kwenye ukingo wa barabara analia akimwita baba. Anaonekana Las Vegas na suti ya mtindo mpya, akimkemea mdogo wake kwa kumvunjia heshima mwenye hoteli, na mdogo wake anamwonya asirudie tena kuwa upande wa watu wa nje dhidi ya familia.

Ni vipande vichache tu. Lakini tazama analolifanya Cazale pale Las Vegas baada ya onyo. Hajibu. Uso unajaribu kutabasamu, unashindwa, unajaribu tena. Mwigizaji mwingine angetuonyesha hasira, au aibu, ajichagulie moja. Yeye anatuonyesha mtu anayetafuta haraka haraka uso wa kuvaa, na hana.

Filamu ya pili, ya 1974, ndiyo iliyompa nafasi ya kutosha, na hapo ndipo naamini msomaji wa Kiswahili anaelewa jambo kuliko mtazamaji wa California. Kwetu baba akifa, kaka ndiye anayekaa mbele kwenye kikao cha posa. Ndiye anayewapokea wageni msibani. Hata kama mdogo ndiye mwenye fedha, hata kama kila mtu anajua hivyo, mdogo atanong'ona pembeni na kaka atasema kwa sauti. Heshima inalindwa hadharani. Fredo alinyang'anywa hata hiyo sauti ya hadharani. Michael ndiye mkuu wa familia, na Fredo anatumwa uwanja wa ndege kupokea wageni.

Maneno yake, akiwa amelala nusunusu kwenye kiti cha kuegemea ndani ya nyumba ya ziwani: "Mimi ni kaka yako, Mike, na nilirukwa!" Kiti kile ni uigizaji tosha. Kimeinama kiasi kwamba mtu hawezi kugombana akiwa juu yake. Fredo anapotaka kupandisha hasira, mwili unafurukuta, mikono inarusharusha, shingo inanyanyuka, lakini mgongo unabaki pale pale kama kobe aliyegeuzwa. Michael amesimama. Anayepiga kelele ni yule aliyelala. Anayeua ni yule anayeongea taratibu.

Mfano mwingine ni ule wa Havana, ambao nimeurudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Mapema Fredo amemwambia Michael kwamba hajawahi kukutana na Johnny Ola, mtu wa adui wa Michael. Usiku, katika klabu, akiwa amechangamka na pombe, anawaambia wageni kwamba Johnny Ola ndiye aliyemwonyesha mahali pale. Anasema kwa furaha. Hajui alichokisema. Michael yuko nyuma yake, amesikia. Ugumu wa kipande hiki uko hapa: mwigizaji anajua kwamba sentensi hii ndiyo hukumu ya kifo cha mhusika wake, na anatakiwa aiseme kama mtu anayejisifia baa mpya. Kidokezo kidogo tu cha kujua kingeiharibu filamu. Cazale hakuweka hata chembe.

Mwisho wake Fredo anapigwa risasi ndani ya mtumbwi, akivua samaki, akisali Salamu Maria. Hatumwoni anapokufa. Tunausikia mlio, na tunamwona Michael nyuma ya kioo akiinamisha kichwa. Unaona sasa mantiki ya kazi yake? Pacino ndiye steringi, na Pacino anakuwa wa kutisha kwa kadiri Fredo anavyokuwa mtu. Ukimweka pale muoga wa kawaida, anayechekesha kidogo na kuudhi kidogo, Michael anabaki kuwa jambazi aliyeua msaliti. Ukimweka Cazale, Michael amemuua kaka yake.

Kuhusu The Conversation ya mwaka huo huo sitakaa sana. Cazale ni Stan, msaidizi wa Harry Caul, mtaalamu wa kunasa mazungumzo ya watu kwa siri, aliyechezwa na Gene Hackman. Stan anauliza maswali: hawa watu wanasema nini, kwa nini tunawasikiliza? Harry anakerwa, kwa sababu kazi yao ni kunasa, si kujua. Stan anaondoka na kwenda kwa mshindani. Basi. Nafasi ya dakika chache, lakini ni yeye pekee kwenye filamu nzima aliye na udadisi wa kawaida wa kibinadamu.

Wyoming

Dog Day Afternoon ya 1975 inatokana na tukio la kweli la Agosti 1972: watu wawili walivamia benki Brooklyn, wakazingirwa na polisi, wakawashikilia wafanyakazi mateka kwa saa nyingi. Mmoja wa wavamizi, Salvatore Naturile, alikuwa kijana wa miaka 18, na aliuawa. Cazale alipoicheza nafasi yake alikuwa na miaka 39, na kipara kilikuwa kimeshapanda. Sidney Lumet, muongozaji, hakuona hesabu inavyokubali. Pacino alisisitiza ajaribiwe, akajaribiwa, na mjadala ukaisha.

Sal wa Cazale ni mtu wa kuogofya kwa sababu ametulia mno. Sonny wa Pacino anakimbia huku na huku, anapiga kelele kwa umati, anapigiwa makofi. Sal amekaa na bunduki yake, nywele ndefu zimeshuka mabegani, na unahisi kwamba akiambiwa aanze kuua ataanza, kwa huzuni, bila kuuliza mara mbili. Kisha Sonny anamuuliza: tukipewa ndege, kuna nchi yoyote maalumu ungependa kwenda? Sal anafikiri. Anajibu: "Wyoming." Lumet amesimulia kwamba jibu hilo halikuwa kwenye skripti, Cazale alilitoa papo hapo, na yeye muongozaji ilibidi ajizuie kucheka asiharibu sauti. Watu hucheka hadi leo. Wakishacheka hunyamaza, kwa kuwa ndipo wanapotambua kwamba mtu huyu anataka kutoroka Marekani na hajui kwamba jimbo lile liko ndani ya Marekani. Hana pa kwenda, na hajui.

Katika filamu hiyo hiyo Sal anakataa sigara na kueleza kwamba hataki kupata kansa. Nilipoisikia sentensi hiyo kwa mara ya kwanza sikuwa najua lolote kuhusu maisha ya aliyeisema.

Hesabu ya nane na sifuri

Turudi kidogo kwenye tuzo, maana kuna hesabu moja inayoeleza tatizo vizuri. Katika The Godfather, waigizaji watatu waliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kiume: Pacino, James Caan na Robert Duvall. Katika sehemu ya pili, watatu tena: De Niro aliyeshinda, Lee Strasberg na Michael V. Gazzo. Katika Dog Day Afternoon, Chris Sarandon. Katika The Deer Hunter, Christopher Walken, aliyeshinda. Jumla uteuzi mara nane kwa nafasi za usaidizi za kiume, katika filamu nne ambazo Cazale alikuwa msaidizi. Yeye sifuri. Watoaji wa tuzo za Golden Globe walimkumbuka mara moja kwa uteuzi, kwa nafasi ya Sal.

Wapo wanaoita hiyo dhuluma. Mimi naiona kama maelezo ya kazi aliyoichagua. Wasaidizi wanaoteuliwa kwa kawaida wana onyesho lao moja la kupasua, dakika tano ambazo kamera inawaachia uwanja na mpiga kura anaondoka nazo nyumbani. Cazale hata alipopewa la kwake, lile la kiti, alilicheza kama mtu anayeaibika kwa kulipata. Alikuwa akimpa mwenzake wa upande wa pili kitu cha kujibu. Pacino ameteuliwa kwa Oscar katika kila moja ya filamu tatu alizocheza pamoja naye, na naamini hilo halikutokea kwa bahati tu.

Hapo ndipo lile swali la 1977 linapopata jibu ninaloweza kulitetea. De Niro alikuwa anacheza Michael mwingine: mwindaji mkali, mwenye msimamo wa risasi moja tu kwa mnyama mmoja. Ukali huo ukisimama peke yake ni majivuno. Unahitaji mtu wa kuugonga. Kuna kipande milimani ambapo Stan, kama kawaida yake, amesahau viatu vya kuwindia, na anaomba kuazimwa jozi ya pili ya Michael. Michael anakataa. Hana haja na viatu vile. Anakataa kwa sababu kila safari Stan husahau kitu. Stan anageuka mkali, anatukana, anaonyesha kibastola chake kidogo anachotembea nacho bila sababu. Ugomvi wa viatu, wala si zaidi ya hapo. Lakini ndani yake unaona wote wawili: mtu anayetaka kila mwenzake awe chuma kama yeye, na mtu anayejua kwamba hatawahi kuwa chuma na amechoka kukumbushwa. Baadaye, Michael akiwa amerudi kutoka vitani, ni kibastola hicho hicho anachomnyang'anya Stan na kukigeuza kuwa mchezo wa kifo. Yeyote angeweza kusema mistari ya Stan. Kinachopungua ukimtoa Cazale ni De Niro.

Sijui kama Cimino alilifikiri kwa maneno haya. Ninachokiona ni kwamba wote waliokataa walikuwa watu wa kazi hiyo, wanaojua mwenzako akiwa mzuri unakuwaje. Kwenye daftari la London hakukuwa na safu ya kuandika kitu kama hicho.

Je, ilikuwa haki kumfanyisha kazi mgonjwa vile? Wapo watakaouliza, na ni swali la halali. Jibu langu ni kwamba hakufanyishwa. Alitaka mwenyewe, ratiba ilipinda kumfuata yeye, na kilichokuwa upande wa pili hakikuwa mapumziko wala uponyaji. Matibabu yaliendelea na gharama nazo ziliendelea. Streep alikubali kwenda Austria kucheza kwenye mfululizo wa televisheni uitwao Holocaust kwa sababu, kama alivyoeleza, walihitaji fedha. Huku kwetu mwigizaji akiugua namba ya mchango husambazwa kwenye simu siku hiyo hiyo. Yeye alifunga mzigo akaenda kazini, akarudi, akakaa naye.

Cazale alifariki New York mwezi Machi 1978, Streep akiwa kando yake. Alikuwa na miaka 42. Amezikwa Malden, Massachusetts, si mbali na alikozaliwa. Sehemu zake zote alizimaliza, lakini filamu yenyewe hakuiona. Ilitoka Desemba mwaka huo, na Aprili 1979 ikachukua Oscar tano, pamoja na ya filamu bora. Streep alipata uteuzi wake wa kwanza kwa nafasi ile aliyokuwa tayari kuiacha. New York, ukumbi mdogo wa maigizo, ghorofani Broadway, ulipewa jina la Cazale pamoja na la mwigizaji mwenzake, Walter McGinn.

Nilipoitazama The Deer Hunter mara ya mwisho nilikuwa najua ile ratiba, na onyesho la kumalizia lilinigeukia. Wamerudi kutoka kumzika Nick, kijana aliyechezwa na Walken, aliyepotelea vitani. Wako kwenye baa ya rafiki yao, mezani kunaandaliwa mayai, mtu anaanza kuimba kwa sauti ndogo, wengine wanamfuata, kisha wanainua glasi kwa ajili ya Nick. Cazale yumo, suti nyeusi, uso umekonda. Kwa kuwa sehemu zake zilitangulizwa, aliinua glasi hiyo kabla Walken hajapanda ndege kwenda Thailand kufa.